Uganda na mashindano ya kuimba ya kimataifa: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Kampala, na jioni nashika kwaya ya shule. Ikifika Mei, vipande vya Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, vinapoanza kuzagaa kwenye simu za watu, maswali hunifuata darasani, ndani ya teksi, hata kwenye foleni ya rolex (wageni msidhani ni saa, ni chapati iliyoviringishwa na mayai). Mengi ni yale yale kila mwaka. Nimeyaweka hapa mara moja, pamoja na yale ya mashindano ya karibu yetu ambayo wanafunzi wangu walikuwa bado wanabebwa mgongoni yalipofanyika.

Uganda huwa inashiriki Eurovision?

Hapana, haijawahi hata mara moja. Ukiona nyeusi, manjano na nyekundu zikipepea ukumbini, tazama vizuri: ni Wabelgiji au Wajerumani. Yetu ina korongo katikati.

Mbona Australia imo na sisi hatumo? Australia ni Ulaya?

Hili huja na hasira, na hasira yenyewe ina haki yake. Lakini jibu halimo kwenye ramani ya ukutani.

Bendera zinatudanganya. Tunadhani ni nchi zinazoshindana, kumbe wanaoshindana ni vituo vya utangazaji. Mwaka 1956 vituo vya nchi 7 vilikutana Lugano, Uswisi, chini ya Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulioundwa mwaka 1950. Mpaka leo anayepeleka wimbo ni kituo chenye uanachama. Wizara haiwezi kupeleka, na msanii hawezi kujipeleka, hata awe na sauti ya kuamsha wafu.

Uanachama kamili hupewa vituo vilivyo ndani ya Eneo la Utangazaji la Ulaya, au vya nchi zilizo katika Baraza la Ulaya. Eneo hilo lilichorwa na mafundi wa masafa ya redio, na mafundi hawa hawakujali bara linaishia wapi. Ndiyo maana Moroko, Algeria, Tunisia, Libya na Misri zinahesabiwa ndani, na Israeli imekuwa ikishiriki tangu 1973. Upande wa kusini mstari unapita kwenye digrii 30 kaskazini ya ikweta. Sisi ikweta yenyewe inapita Kayabwe, pale watu wanaposimamisha gari kupiga picha kwenye zile duara nyeupe kando ya barabara ya Masaka.

Australia nayo haimo ndani ya mstari huo. Iliingia kwa mlango wa jikoni. Kituo chao cha SBS ni mwanachama mshiriki wa EBU na kimekuwa kikiirusha Eurovision tangu 1983, watu wakiamka alfajiri kuitazama. Mwaka 2015, mashindano yalipofanyika kwa mara ya 60, wakaalikwa kama wageni wa heshima wa mara moja. Mgeni akapenda chakula, mwenye nyumba akapenda mgeni, na wamekuwa wakialikwa tena.

Kwa hiyo ukitaka kulalamika, usiilalamikie wizara. UBC yetu, iliyozaliwa mwaka 2005 kwa kuunganisha Televisheni ya Uganda na Redio Uganda, iko upande wa Umoja wa Watangazaji wa Afrika, wenye makao yake Dakar. Mlango wa jikoni bado upo, ila unafunguliwa kwa aliyekaa barazani miaka thelathini.

Afrika imewahi kuwakilishwa?

Mara moja. Moroko, mwaka 1980, mjini The Hague, Uholanzi. Aliyeimba ni Samira Bensaïd, kwa Kiarabu, akapata pointi 7 na nafasi ya 18 kati ya 19. Moroko haikurudi tena. Tunisia ilijiandikisha kwa mashindano ya 1977, ikajitoa kabla ya kuimba.

Kiswahili kimewahi kusikika pale?

Kimesikika, na hapa ndipo darasa langu huchangamka.

Mwaka 2011, mjini Düsseldorf, Norwei iliwakilishwa na Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Norwei. Wimbo wake uliitwa "Haba Haba". Beti zilikuwa za Kiingereza, kiitikio kikawa methali yetu ile ya haba na haba hujaza kibaba. Ulikuwa umependwa sana Norwei kabla ya kufika Ujerumani. Haukupita nusu fainali: pointi 30, nafasi ya 17. Nimeutazama mara nyingi na bado nadhani ulistahili kupita, lakini mimi nina upendeleo na sijifichi.

Huwa nautumia kufundishia. Tatizo ni kwamba wanafunzi wa Kampala wanajua kilo, debe na kikombe cha plastiki cha sokoni. Kibaba hawajawahi kukiona. Kwa hiyo nilikwenda na kopo la maziwa ya unga na mahindi kwenye mfuko, nikawapa kila mmoja punje chache, wakapita mmoja mmoja kudondosha, huku wimbo ukilia kwenye spika ndogo. Wimbo uliisha kopo halijafika hata nusu. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, ndiyo maana hakufika fainali." Nikamwacha acheke, alikuwa ameelewa methali.

Na Mganda je? Hakuna hata mmoja aliyefika?

Kuna mmoja ambaye sisi tunaweza kumdai kidogo. Mwaka 2021 Uswidi ilipeleka Rotterdam kijana anayeitwa Tusse. Alizaliwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akakimbia vita akiwa na miaka mitano pamoja na shangazi yake, na kabla ya kufika Uswidi aliishi miaka mitatu katika kambi ya wakimbizi hapa Uganda. Alishinda Idol ya Uswidi mwaka 2019, akashinda mchujo wa taifa mwaka 2021, na kwenye fainali ya Eurovision akashika nafasi ya 14 kwa wimbo "Voices".

Siku nilipoonyesha video ile darasani, msichana mmoja ambaye huwa hasemi, na ambaye familia yake ilitoka Kivu, mashariki mwa Kongo, aliniomba nirudie. Nikarudia. Hakusema kitu tena hadi kengele ilipolia.

Inaonyeshwa saa ngapi kwa saa za Uganda, na wapi?

Fainali ni Jumamosi, saa nne usiku kwa saa zetu, na inakwenda hadi karibu saa nane. Nusu fainali ni Jumanne na Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, saa nne vilevile. Sisi huitazama kwenye YouTube, chaneli rasmi ya mashindano.

Ushauri wa kiufundi: nunua bando la usiku, na usilimalize kwenye nyimbo. Mwaka juzi tulikuwa saba katika chumba kimoja Nsambya, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, tumeziona nyimbo zote hadi ya mwisho. Tulipofika kwenye kusoma kura, pale mtangazaji anapotabasamu kabla ya kutaja aliyepewa pointi 12, picha ikaganda. Bando limekwisha. Mashine ya kuuza bando kwa simu nayo usiku ule ilikuwa inajibu "jaribu tena baadaye". Tulijua mshindi asubuhi, kwa kakangu aliye Dubai.

Je, Mganda anaweza kupiga kura?

Ndiyo, tangu 2023. Kura za nchi zote zisizoshiriki zinakusanywa na kuhesabiwa kama nchi moja, inayoitwa Dunia Iliyobaki. Jina lenyewe linauma kidogo, lakini kura ni kura. Zikishajumlishwa zinatoa pointi zilezile zinazotolewa na nchi yoyote: 1 hadi 8, kisha 10, kisha 12.

Unapiga mtandaoni kwa kadi ya benki, senti 99 za yuro kwa kura moja. Pesa za simu hazikubaliki, na hapo ndipo Waganda wengi tunapokwama, kwa sababu pesa zetu zinaishi kwenye simu. Zamani mtu aliruhusiwa kura 20; kuanzia 2026 wamepunguza hadi 10, baada ya malalamiko kuhusu kampeni za kununua kura kwa wingi.

Jambo moja la kukumbuka: kwenye Eurovision nchi haijipigii kura yenyewe. Mnorwei hawezi kumpigia Mnorwei. Nitalirudia hili nikifika Nairobi.

Wimbo lazima uwe wa dakika tatu? Kwa nini?

Lazima. Usizidi dakika tatu, watu wasiozidi sita jukwaani, hakuna mnyama, mwimbaji awe ametimiza miaka 16, na wimbo uwe mpya. Sauti kuu inaimbwa moja kwa moja. Sauti za kuitikia zimeruhusiwa kurekodiwa tangu 2021. Lugha ni huru tangu 1999, kwa hiyo hata Kiganda au Lusoga kingeruhusiwa.

Sheria ya dakika tatu ndiyo ingetumaliza sisi. Muziki uliotulea ni kadongo kamu: mtu mmoja, gita moja, na hadithi ndefu yenye mjomba, deni, mke wa pili na hukumu. Msikilizaji wa kadongo kamu hataki kiitikio kije haraka. Anataka kujua mjomba alifanywa nini.

Nina mwanafunzi wa sauti ya pili aliyetunga wimbo kwa ajili ya tamasha la shule la muziki, ngoma na maigizo. Unahusu babu yake aliyemuuza ng'ombe wa mwisho ili kulipa karo. Nilipoupima kwa simu mara ya kwanza ulikuwa dakika 6 na sekunde 10. Nikamwambia, hebu tufanye kana kwamba tunakwenda Eurovision. Akaanza kukata. Akamkata jirani, akaikata mvua, akakata safari ya mnadani. Nilipogusa ubeti wa ng'ombe akakunja karatasi na kuikalia.

Basi Uganda imewahi kushinda nini?

Tukitoka Ulaya na kurudi nyumbani, hadithi inabadilika kabisa.

Anza na 2004. Coca-Cola Popstars ilipita Kenya, Tanzania na Uganda ikitafuta vikundi vya waimbaji. Hapa ilizaa Blu*3: Jackie Chandiru, Lilian Mbabazi na Cinderella Sanyu, ambaye leo kila mtu anamwita Cindy. Tanzania ikazaa Wakilisha, Kenya ikazaa Sema. Hakuna msichana wa shule wa miaka ile ambaye hakuwa na kikundi chake cha watatu.

Kisha ikaja Tusker Project Fame, na hii ndiyo iliyotuumiza na kutuponya. Vijana kutoka nchi za Afrika Mashariki walikusanywa katika nyumba moja Nairobi, wakafundishwa sauti, miondoko na namna ya kusimama mbele ya kamera, na kila wikiendi wakaimba moja kwa moja kwenye runinga. Walioyumba waliwekwa kwenye probesheni, yaani hatarini kutolewa, neno ambalo likaingia hata mitaani: ukichelewa kazini unaambiwa uko probesheni. Watazamaji waliwaokoa kwa SMS.

Msimu wa kwanza, 2006, ulikwenda Kenya kwa Valerie Kimani. Wa pili, 2008, ukaja kwetu kwa Esther Nabaasa. Mwaka 2009 Rwanda iliingia kwa mara ya kwanza na kuondoka na ushindi papo hapo, kwa Alpha Rwirangira. Mwaka 2010 tukaurudisha na Davis Ntare. Ruth Matete wa Kenya akashinda 2012, na Hope wa Burundi akafunga kazi mwaka 2013. Hesabu mwenyewe: misimu sita, Uganda miwili, sawa na Kenya iliyokuwa nyumbani kwake.

Usiku wa fainali ya 2010 nilikuwa kwenye baraki nilikokulia, maana mimi ni mtoto wa askari, na Kiswahili changu ni cha hapo. Kantini ilikuwa na runinga moja iliyofungiwa ndani ya kizimba cha vyuma kama mfungwa. Maafande wamekaa mbele kwenye viti, sisi raia na watoto tumesimama nyuma, na kila aliyekuwa na simu alikuwa anatuma ujumbe. Sajenti mmoja mstaafu, mzee asiyependa muziki wa aina yoyote isipokuwa brasi bendi, aliazima simu ya binti yake akaniuliza, "Wewe mwalimu, hapa naandika nini?" Nilimwandikia. Jina la Davis lilipotajwa, mtu aligonga kile kizimba kwa nguvu hadi picha ikapotea, na hakuna aliyekasirika.

Mwaka 2019 ikaja East Africa's Got Talent, yenye nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mtangazaji alikuwa mchekeshaji wetu Anne Kansiime, na kwenye kiti cha jaji wa Uganda alikuwa Gaetano Kagwa. Pale waliruhusiwa wachezaji na wanamazingaombwe pia, lakini walioshinda ni watoto wawili wa Kiganda, Esther na Ezekiel Mutesasira, ndugu wa tumbo moja, kwa kuimba tu. Zawadi ilikuwa dola 50,000.

Si tulishinda kwa sababu tulipiga kura nyingi?

Kwenye Project Fame ungeweza kumpigia mtu wa kwenu, tofauti na Eurovision. Kwa hiyo muda wa maongezi ulikuwa silaha, sikatai. Lakini ingekuwa ni wingi wa simu tu, eleza Burundi ilishindaje 2013. Eleza Rwanda 2009. Na eleza swali linalofuata.

Watanzania ndio wanaojaza redio zetu. Mbona hawakushinda Project Fame hata mara moja?

Haya ni maoni yangu, na Mtanzania mmoja ninayefanya naye kazi hayakubali.

Project Fame ilikuwa shule ya kuimba nyimbo za watu wengine, nyingi zikiwa za Kiingereza. Leo unapewa balada ya Marekani, kesho rege, keshokutwa soul. Mganda aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa na tamasha la shule amezoea hilo: anapewa wimbo wa kupangiwa, anaambiwa hapa panda, hapa shuka, na kuna jaji mwenye kalamu nyekundu. Msanii wa Bongo Fleva anaishi kwa wimbo wake mwenyewe, kwa maneno yake, kwa namna yake ya kuvuta silabi. Mnyang'anye wimbo wake umempunguza nusu. Mashindano yale yakiisha, redio ikiwashwa Jumatatu, ni yeye anayesikika. Mwenzangu anasema nimetafuta njia ya heshima ya kusema Watanzania hawajui Kiingereza. Hapana. Ninasema mizani ile haikupima kile wanachokiweza zaidi.

Kiswahili kilikuwa kikwazo kwa Waganda kule Nairobi?

Kilikuwa kikwazo cha mezani kuliko cha jukwaani. Nyumbani kwao mle, mzaha ulikuwa kwa Kiswahili na Sheng, lugha ya vijana wa mitaa ya Nairobi, na Mganda asiyejua alibaki akitabasamu nusu sekunde baada ya wengine kucheka. Kila mwalimu wa Kiswahili nchini hapa anaifahamu tabasamu hiyo.

Hapa kwetu lugha hii imebeba mzigo. Amin aliitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi waliisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, ikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Katiba ikaifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha ifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini wanamuziki walikuwa wametangulia. Chameleone alianzia Nairobi na kurudi na nyimbo za Kiswahili kilichochanganyika na Kiganda, na nchi nzima ikaimba bila kumuogopa mtu. Juliana Kanyomozi, aliyekuja kuwa jaji kwenye Project Fame, aliimba kwa Kiswahili na Bushoke wa Tanzania. Mimi darasani nimefaidika zaidi na hao kuliko na kitabu chochote cha ngeli.

Hayo mashindano yako wapi sasa?

Project Fame haikuendelea baada ya msimu wa sita. East Africa's Got Talent tuliiona msimu mmoja. Yalikuwa mali ya wadhamini: bia, soda, kampuni ya simu. Mdhamini akibadilisha mpango wa matangazo, jukwaa linakunjwa pamoja na bango. Eurovision imevuka karibu miaka sabini kwa sababu vituo vya umma vinachangia gharama, vinagombana, vinajitoa, vinarudi. Inachosha kuisikiliza migogoro yao, lakini mwaka unaofuata kuna wimbo.

Nasikia Urusi ina mashindano yake. Uganda haikualikwa?

Intervision ilifanyika Moscow tarehe 20 Septemba 2025. Urusi ilikuwa imeondolewa Eurovision mwaka 2022 baada ya kuivamia Ukraini, ikaamua kufufua jina la zamani la enzi za Kisovieti. Afrika ilikuwa na Misri, Ethiopia, Kenya, Madagaska na Afrika Kusini. Uganda haikuwemo. Vietnam ilishinda.

Kinachonifurahisha mimi ni aliyeiwakilisha Kenya: Sanaipei Tande. Ndiye yule aliyekuwa kwenye Sema mwaka 2004, kikundi pacha cha Blu*3 yetu. Miaka 21 baadaye yuko kwenye jukwaa la Moscow. Kuhusu kama Uganda iende ikialikwa, wanafunzi wangu waligawanyika katikati kwenye mdahalo, na nilikataa kupiga kura.

Eddy Kenzo na Grammy je? Na Ghetto Kids?

Hizo ni tuzo, au ni kitu kingine. Kenzo alipata tuzo ya BET mwaka 2015, na akateuliwa kuwania Grammy ya 2023 pamoja na Matt B kwa wimbo "Gimme Love", ila hakuinyakua. Huko huendi kuimba ukapigiwa kura na watazamaji usiku huo. Ghetto Kids walikwenda Britain's Got Talent mwaka 2023, wakagongewa kengele ya dhahabu, ile inayompitisha mtu moja kwa moja, na jaji Bruno Tonioli kabla hata hawajamaliza kucheza, wakafika fainali na kumaliza wa sita. Ni wachezaji, kwa hiyo kwenye ukurasa huu nawapigia makofi na kupita.

Mwanangu anaimba vizuri. Nianzie wapi?

Anzia na karatasi, sauti itasubiri.

Kwa Kenya na Rwanda, raia wa Uganda anaweza kusafiri kwa kitambulisho cha taifa. Kwa Tanzania tafuta pasipoti. Kwa mtoto, andaa cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi mapema, maana usaili hutangazwa leo ukafanyika wiki ijayo. Kama ana wimbo wake mwenyewe, usajili: sheria ya hakimiliki tunayo tangu 2006, na wengi huikumbuka wakishaibiwa.

Halafu hili lisome mara mbili. Usaili wa kweli haulipiwi. Miaka michache iliyopita mzazi mmoja wa shule yetu alipigiwa simu na watu waliojiita waandaaji wa mashindano ya Ulaya. Wakamtaka ada ya usajili, kisha ada ya viza, kisha ada ya "mavazi ya taifa". Alituma mara tatu. Alinijia na simu mkononi kuniuliza mavazi ya taifa ya Uganda ni gomesi (gauni la heshima la wanawake) au kanzu, ili mtoto asije akakosea, na hapo ndipo nilipojua. Namba ile haikupokelewa tena. Nilimsindikiza polisi, tukaandika maelezo, na mtoto akaimba akiwa amevaa gomesi ile ile kwenye sherehe ya kumaliza mwaka, kwa sababu ilikuwa imeshashonwa.

Mwalimu, siku Uganda ikialikwa, wewe ungempeleka nani?

Yule wa ng'ombe. Tumeufikisha dakika 3 na sekunde 50, na ng'ombe bado yumo.